Saa chache Bangkok kabla ya ndege ya pili: mtoni, madukani au tubaki uwanjani?

Bint_Mutrah
Asalaam aleikum na habari zenu. Mwezi wa tisa inshallah tunakwenda Melbourne kwa kaka yangu, na ndege inapita Bangkok. Tunafika saa 6 na nusu, tunaondoka saa 4. Nimesikia watu hutoka uwanjani wakatembea mjini kisha wakarudi. Nina mawazo matatu: mahekalu na mto, au maduka ya Pratunam, au tubaki pale pale uwanjani tupumzike. Aliyewahi kufanya anieleze lipi lina maana. Tiketi nimeshalipa.

Nahodha_Mstaafu
Waaleikum salaam binti. Saa 6 na nusu hiyo ni yetu ya mchana, au ni 06:30 iliyoandikwa kwenye tiketi? Tofauti yake ni nusu siku. Na "tunakwenda" ni watu wangapi? Pasipoti za wapi? Mizigo inakwenda moja kwa moja hadi Melbourne au mnaichukua Bangkok? Bila haya kila mtu atakujibu la kwake.

Kijana_wa_Uvira
Pratunam, dada, bila kufikiri mara mbili. Treni ya uwanja ina kituo cha Ratchaprarop, unashuka, unatembea kidogo, umefika. Ingia Platinum, ghorofa juu ya ghorofa za nguo. Ukichukua moja ni bei ya moja, ukichukua tatu bei inashuka. Mimi mzigo wangu wa Bukavu naununulia hapo. Mahekalu utayaona kwenye picha.

Wanjiku_Safarini
Pia siku gani ya wiki? Kama ni Jumamosi au Jumapili, soko la Chatuchak ndilo hilo, vibanda zaidi ya elfu kumi na tano. Siku za kazi usijisumbue, karibu lote limefungwa.

Bint_Mutrah
Ahsanteni. Ni mchana, tiketi inasema 12:35 na 22:10. Jumanne. Pasipoti zote za Oman, tiketi moja, mizigo inapita moja kwa moja. Tuko wawili, mimi na mama yangu. Ana miaka 72, anatembea, ila magoti yanamsumbua na ngazi hazimpendi.

Nahodha_Mstaafu
Sasa tunaweza kuzungumza. Magoti ya mama ndiyo jambo la kwanza, hilo ungeanza nalo.

Oman imo kwenye orodha ya nchi zisizohitaji viza Thailand, kwa hiyo hapo mmepona. Ila tangu Mei 2025 kuna fomu ya kuingia ya mtandaoni, lazima kila mgeni anayepita uhamiaji. Ni bure, inajazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Tovuti inayokudai pesa kwa fomu hiyo si ya serikali.

Hesabu ya muda: mnatua 12:35. Kutembea uwanjani na foleni ya uhamiaji, sema saa nane kasoro ndiyo mko nje, ukiwa na bahati. Treni hadi Makkasan, mnavuka daraja la waenda kwa miguu hadi kituo cha Phetchaburi, mnapanda treni ya chini ya ardhi hadi Sanam Chai. Mpaka mtoke juu ya ardhi ni saa tisa na zaidi. Jumba la Mfalme huacha kuuza tiketi saa tisa na nusu, kwa hiyo lisahauni. Hekalu la Wat Pho liko mwendo mfupi kutoka kituoni na linabaki wazi hadi jioni. Saa kumi na mbili muwe mmeshaanza kurudi.

Zuhura_wa_Ng'ambo
Dada, kama mmetoka Unguja au Dar karibuni, chukueni na kadi za njano za homa ya manjano. Thailand inazidai kwa wanaotoka Tanzania na Kenya, na kuna dawati la afya unalopita kabla ya uhamiaji. Ukifika uhamiaji bila kupigiwa muhuri kule, unarudishwa nyuma na foleni yako imekwenda.

Bint_Mutrah
Loh, tunarudi Muscat kutoka Unguja wiki mbili kabla ya safari. Kadi tunazo. Ahsante sana Zuhura, hilo nisingelijua.

Wanjiku_Safarini
Kwa mama wa magoti mimi napendekeza bustani ya Lumphini. Treni ile ile ya chini inakushusha mlangoni, hakuna kupanda wala kushuka, kuna viti kando ya maji na kivuli. Na kuna kenge! Wanatembea kwenye nyasi mchana kweupe, wengine warefu kuliko mtu. Nilimwona mmoja akitoka bwawani pole pole, ulimi nje, anapita katikati ya watu waliokaa wanakula, na hakuna aliyeinuka. Ni mjini kabisa, maghorofa yamewazunguka. Na ni bure.

Kijana_wa_Uvira
Mtu apande ndege kutoka Oman aende kuangalia kenge?

Wanjiku_Safarini
Na mtu apande ndege kutoka Oman aende kununua fulana tatu? Muscat maduka yapo.

Mzee_wa_Madini
Wakuu, kabla hamjamtuma huyu dada kwenye mahekalu, nisikilizeni. Mimi hupeleka mawe ya vito Silom, mtaa wa Bangkok, kwa wanunuzi wa pale. Kuna siku kazi iliisha asubuhi na ndege yangu ilikuwa usiku, nikaona nikaangalie Jumba la Mfalme. Niko ukutani natafuta lango, akaja bwana mmoja, shati jeupe limepigwa pasi, kitambulisho shingoni. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba leo asubuhi pamefungwa kwa ibada, watafungua saa saba. Akaniuliza natoka wapi, akaifahamu Kilimanjaro, akanichorea ramani kwenye karatasi, akasimamisha bajaji na kupatana bei kwa niaba yangu: baht 20 kunizungusha mahali patatu. Baht 20 ni kama bure. Hapo ndipo pa kushtuka, bajaji ya Bangkok haikuzungushi kwa bei hiyo.

Tukaenda hekalu dogo lisilo na mtu, isipokuwa bwana mwingine amekaa kwenye baraza. Akajiita mwalimu. Katika mazungumzo akasema, kama kwa bahati tu, kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya serikali kuuza vito bila ushuru, naye amenunua jana. Bajaji ikanipeleka dukani moja kwa moja. Ndani kuna kiyoyozi, wananiletea maji baridi, wanafungua trei. Nikaonyeshwa jiwe la bluu, nikaambiwa "tanzanite, inatoka Afrika, mbali sana."

Nikaliweka chini ya taa, nikaligeuza. Tanzanite ukiigeuza hucheza, upande huu bluu, upande huu zambarau. Lile lilibaki bluu ile ile kila upande kama chupa ya dawa. Nikamwambia muuzaji, mimi natoka Arusha na jiwe hili linachimbwa Mererani tu, duniani kote hakuna kwingine. Maji baridi yakaondolewa mezani. Natoka nje, bajaji haipo. Mvua ikashuka, teksi ya kwanza ikakataa mita, ya pili ikanasa kwenye foleni ya magari. Nilifika kaunta ya ndege wakiwa wanakusanya karatasi zao. Na lile jumba lilikuwa wazi muda wote. Watalii niliowakuta uwanjani walikuwa wametoka humo.

Jina la duka sitalitaja. Ninachosema ni hiki: mtu yeyote akikukuta nje ya lango akakwambia pamefungwa, usimjibu. Nenda mpaka kwenye dirisha la tiketi ukaone kwa macho yako.

Zuhura_wa_Ng'ambo
Pole sana mzee. Baba mkwe wangu walimfanyia hivyo hivyo, na yeye alinunua.

Sonara_Mombasa
Mzee, nikuongezee kidogo. Kugeuza peke yake hakutoshi. Iolite, jiwe jingine la bluu, nayo hubadilika rangi ukiigeuza, tena sana.

Mzee_wa_Madini
Kweli kabisa mkuu. Iolite hucheza hata kuipita tanzanite. Ndiyo maana kazini natumia kipimo cha kupinda mwanga: tanzanite husoma kama 1.69 hadi 1.70, iolite iko chini, kwenye 1.54. Lakini jiwe lisilobadilika kabisa halihitaji kipimo, hilo si tanzanite.

Sonara_Mombasa
Hapo tuko pamoja. Na zilizochomwa je? Maana karibu zote sokoni zimepita kwenye moto.

Mzee_wa_Madini
Zimechomwa ndiyo, zinatoka ardhini nyingi ni za kahawia, moto ndio unaoleta bluu. Hiyo si ulaghai, ni kazi ya kawaida ya biashara. Ulaghai ni kuuza kioo.

Nahodha_Mstaafu
Wazee wangu, turudi kwa binti. Mto. Ukienda Bangkok bila kupanda chombo mtoni hujaiona. Mji ule ulikua juu ya maji, barabara zimekuja baadaye. Kutoka Wat Pho unatembea hadi gati la Tha Tien, ng'ambo unaiona Wat Arun, mnara zaidi ya mita 60 umepambwa vipande vya vigae vya Kichina. Boti ya bendera ya rangi ya chungwa ni baht 16. Mimi nimekaa baharini umri wangu wote, na bado nilisimama nyuma ya boti kumwangalia yule kijana wa kamba. Anazungumza na nahodha kwa filimbi tu. Fupi fupi, rudi nyuma. Ndefu, simama. Nahodha hamwoni, anamsikia, na boti inagusa gati bila kugonga.

Zuhura_wa_Ng'ambo
Na inasimama sekunde ngapi? Hilo ndilo la kusema kwa mama wa miaka 72. Gati linacheza, boti inacheza, watu wanasukumana, na kijana anapiga filimbi muondoke. Jioni watu wanatoka kazini, hakuna pa kukaa. Kama ni mto, apande boti ya watalii ya bendera ya bluu, bei juu kidogo lakini ina nafasi. Au aende Saphan Taksin kwa treni ya juu, chini yake kuna gati la Sathorn, na pale kuna boti ya bure ya kwenda jengo la maduka la ICONSIAM. Safari fupi, mto ameuona, na ng'ambo kuna jengo lenye kiyoyozi, lifti na vyoo safi. Ndani ghorofa ya chini wametengeneza soko la chakula la kila mkoa wa Thailand.

Nahodha_Mstaafu
Hapo umesema jambo la maana, mwanangu. Kwa magoti yale, bendera ya bluu.

Abu_Salim
Mimi nina neno. Kumpeleka mama mzee wa Kiislamu kwenye nyumba ya masanamu ni jambo la kumuuliza kwanza. Watu wanazungumza hapa kama ni makumbusho. Watu wanaabudu mle.

Wanjiku_Safarini
Kuangalia si kuabudu, kaka. Watalii wa dini zote wanaingia.

Abu_Salim
Sijasema kuangalia ni kuabudu. Nimesema aulizwe. Na kama hataki, kuna msikiti wa Haroon, Bang Rak, kichochoroni kutoka barabara ya Charoen Krung, karibu na mto. Ni wa zamani, na jirani yake kuna vyakula vya halali. Watasali Alasiri, watakula, mto uko pale pale. Wachache wanapajua.

Bint_Mutrah
Shukran Abu Salim, huu msikiti sikuwa naujua. Mama nimemuuliza leo. Amesema kuona ataona, ila hatovua viatu mara kumi kwa siku, kuinama ndiko kunakomuumiza.

Zuhura_wa_Ng'ambo
Wat Pho atavua mara moja tu, kwenye jumba la Buddha aliyelala. Urefu mita 46, unaanzia kichwani unakwenda hadi miguuni, nyayo zimetiwa lulumizi alama 108, halafu unarudi kwa upande wa mgongo. Huko nyuma kuna vyungu 108 vya shaba vimepangwa ukutani, watu wanatia sarafu moja moja, na jumba zima linalia kwa mlio huo. Achukue soksi. Na hapo hapo uani ndiyo shule yao kongwe ya kukanda. Mwambie akandwe miguu na mwanamke, baada ya kukaa kwenye ndege yote ile. Mwambieni fundi asiguse magoti.

Kijana_wa_Uvira
Jamani hakuna anayesema kuhusu teksi? Mwezi wa tisa ni mvua. Mama mzee hapandi treni mbili kwenye mvua.

Nahodha_Mstaafu
Kwenda, teksi sawa: ghorofa ya chini, chukua namba kwenye mashine, mita, ongeza baht 50 za uwanja na ada ya barabara ya juu. Kurudi jioni, teksi ni kamari. Foleni za Bangkok saa kumi na moja hadi saa moja usiku hazina huruma, na mvua ikinyesha huzidi. Treni ya uwanja haizidi baht 45 na inafika kwa saa yake.

Kijana_wa_Uvira
Na treni ya saa kumi na mbili utasimama umebanwa mpaka uwanjani. Na mama asimame?

Zuhura_wa_Ng'ambo
Watampisha. Ulizeni viti vya wazee, viko kila behewa.

Mpenda_Matunda
Naona hakuna aliyetaja doriani! Mwezi wa tisa bado huzipati? Za kule zina nyama nene, mbegu ndogo.

Abu_Salim
Usimpe mtu aliye safarini doriani. Kwenye treni ni marufuku, hotelini marufuku.

Bint_Mutrah
Mama amesikia neno doriani na sasa hataki kuzungumza habari ya hekalu tena. Amekulia Bububu. Anauliza kama za Bangkok zinashinda za Unguja.

Mpenda_Matunda
Utamu zinashinda. Monthong, aina yao ya doriani, huimalizi peke yako.

Sonara_Mombasa
Utamu si harufu. Doriani ya Unguja ukiifungua mtaa mzima unajua. Ya Thailand wanaikata mapema isafiri, harufu yake ndogo.

Zuhura_wa_Ng'ambo
Ndiyo raha yake hiyo, unakula bila kufukuzwa nyumbani. Dada, soko la Or Tor Kor liko mbele ya kituo cha Kamphaeng Phet, treni ile ile ya chini. Wanaibandua mbele yako, unachagua laini au ngumu.

Mpenda_Matunda
Na shokishoki je, mama anapenda? Za Unguja na za kule hazina tofauti, hapo sibishani na mtu.

Sonara_Mombasa
Hapo mimi nabishana.