Wadaiwa sugu wa service charge: tuwakatie maji ama tufanyeje?

Hazina_Kitengela:
Habari wadau, mimi ni mweka hazina wa esteti yetu huku Kitengela. Maji ya kaunti hayajatufikia kwa hivyo tunategemea kisima chetu, kamati ndio inalipa stima ya pampu, walinzi na taka, na kila nyumba inatoa service charge ya shilingi 6,000 kwa mwezi kulipia hayo yote, maji yakiwa humo humo ndani. Sasa kuna wenye nyumba hawajatoa kitu tangu mwaka jana, mmoja deni limepita laki moja, ukimpigia anasema natuma jioni halafu kimya. Juzi bili ya stima ilitushinda ikabidi sisi tunaolipa tuchange tena juu ya ile tumelipa. Mwenyekiti anataka Ijumaa wakatiwe maji na majina yabandikwe geti. Mimi hapo roho inakataa, nyumba moja iko na mpangaji mwenye mtoto mchanga, kodi analipa vizuri, mwenye nyumba wake yuko ng'ambo na ndiye halipi. Nyinyi mnafanyaje?

Babake Shiru:
Kata. Pampu haijui huruma, hiyo stima ikikatwa mtakosa wote pamoja na huyo mtoto.

karani_wa_korti:
Babake Shiru pole pole. Maji safi ni haki ndani ya Katiba, kifungu cha 43, huyo mtu akikimbia kortini leo akapewa amri mrudishe maji, mtalipa wakili na deni bado liko. Majina geti pia achaneni nayo, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Na msitume dalali achukue TV ya mtu bila amri ya korti, kukamata vitu kwa sababu ya kodi ni kwa landlord na mpangaji wake, nyinyi si landlord wa mtu.
Nendeni Korti ya Madai Madogo, inachukua deni hadi milioni 1, kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60 na si lazima uwe na wakili. Kwanza andika barua ya kudai, mpe tarehe ya mwisho, kisha beba mkataba aliosaini akinunua nyumba, maamuzi ya mkutano mkuu yaliyoweka hiyo 6,000, na hesabu ya mwezi kwa mwezi. Mkishinda na bado hajalipa, hapo sasa dalali anakuja kihalali. Lakini jueni ni nani anashtaki, kama mko na kampuni ya usimamizi ishtaki kwa jina lake, kikundi cha WhatsApp hakiwezi.

Mama Tasha:
Shida yenu kubwa naona ni maji kuwa ndani ya service charge. Sisi Syokimau tulitenganisha, kila nyumba ikawekewa mita ya tokeni, maji unanunua kwa simu kabla utumie, halafu walinzi na taka ni bili nyingine. Huyo mpangaji ananunua maji yake mwenyewe, deni la mwenye nyumba linafuatwa na mwenye nyumba. Mita zilitugharimu na wengine walipiga kelele sana kwenye mkutano, lakini bili ya pampu sasa inalipwa na wanaotumia maji. Tokeni isikataliwe mtu kwa sababu ya deni la walinzi, hiyo tuliandika kabisa.

Hazina_Kitengela:
Asanteni sana. Kampuni tuko nayo. Na huyu wa ng'ambo nimshtaki aje na hayuko Kenya?

karani_wa_korti:
Ongea na mpangaji kwanza. Mwenye nyumba akikubali kwa maandishi, hata kwa barua pepe, mpangaji atoe 6,000 kwenye kodi alete kwenu moja kwa moja na mumpe risiti kila mwezi. Mwambie asikate kodi kabla ya hayo maandishi, ataonekana ndiye mwenye deni. La zamani mdai mwenye nyumba, na mwambie siku akitaka kuuza mnunuzi atauliza kama hana deni la service charge, na hiyo barua ni nyinyi mnaandika.

Hazina_Kitengela:
Sawa, naandika barua leo usiku na naomba mwenyekiti aahirishe Ijumaa. Mama Tasha nitakutumia inbox kuhusu mafundi wa hizo mita.