Wauza spea, acheni kutuuzia machekeche mkiyaita diski za breki za mashindano!

Wakuu, hili jambo limezidi. Mtu ana Subaru Impreza STI yenye kalipa (vibanio vya breki) za kampuni ya Brembo za pistoni nne, anataka diski za mbele za kwenda kukimbizia gari sakiti, yaani uwanja wa mbio za magari, iwe Dubai Autodrome, iwe Kyalami ya Afrika Kusini. Anaingia dukani, anakabidhiwa diski iliyotobolewa mwili mzima, katikati imepakwa rangi nyekundu, na muuzaji anaapa kabisa: "Hizi ndizo za resi, bosi." Bei mara mbili ya diski kavu, ile isiyo na matundu wala mifereji. Kisha ikipasuka, lawama ni za dereva.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaouza hawajawahi kuifanya. Gari la kilo 1,500 likishuka kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 80, breki zinalazimika kumeza takriban megajuli 1.5. Uzito mwingi unalalia mbele, kwa hiyo chukulia asilimia 70 ni ya diski mbili za mbele. Diski ya kilo kumi inapanda zaidi ya nyuzi 100 kwa kukanyaga mara moja tu, na kona inayofuata haisubiri ipoe. Kinachokuokoa hapo ni chuma kingi na hewa inayopita kati ya kuta mbili za diski. Sasa wewe unachukua kekee unapunguza chuma, halafu unasema umeboresha!

Kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia. Uso wa diski unapata joto na kupoa haraka kuliko ndani, chuma kinavutana, na ukingo wa tundu ndio unaoachia kwanza. Angalia diski ya matundu iliyotoka sakiti: nyufa nyembamba kama nywele zinatoka tundu moja zikilifuata jingine. Na msiniletee habari za Porsche. Hizo nazo zina matundu kutoka kiwandani, na zikipigishwa sakiti zinapasuka vilevile. Wenye nazo wanazibadilisha kama tairi.

Kwa gari hili chaguo ni mawili. Diski kavu isiyo na kitu, ya kiwanda kinachoeleweka, ndiyo ya kwanza kwa mtu mwenye bajeti. Ya pili ni yenye mifereji michache iliyochongwa usoni. Mifereji inafagia vumbi la pedi na kukwangua ule ulaini wa kioo unaojitokeza pedi ikichemka, ila pedi zitaisha mapema na utasikia mngurumo ukikanyaga. Ipo pia ya vipande viwili, yenye kofia (sehemu ya katikati) ya alumini, nayo ni nzuri sana: nyepesi, pete inayoshikwa na pedi inatanuka bila kubanwa, na siku ikiisha unanunua pete tu. Lakini kwa bei yake, kama bado unatumia pedi za kwendea sokoni, umeanzia mwisho.

Kosa jingine la madukani ni mapezi, vile vizuizi vilivyo kati ya kuta mbili za diski. Chungulia pembeni kwa tochi. Kama mapezi ya ndani yamenyooka, diski inakaa upande wowote. Yakiwa yamepinda, kuna ya kushoto na ya kulia. Ikiwa imefungwa kwenye gari, pale juu ya diski ncha ya nje ya pezi ilalie nyuma ya gari, ndipo hewa inavutwa katikati na kutupwa nje. Wanachofanya wauzaji ni kukupa mbili zenye namba ileile, kwa hiyo moja inazunguka kinyume na kuchemka kuliko mwenzake. Fundi naye anaangalia mifereji ya usoni, ambayo haikwambii chochote kuhusu mapezi.

Vipimo sasa. Diski ya mbele ya STI yenye Brembo ni milimita 326 kwa 30, na mwisho wa kutumika ni 28, imeandikwa kwenye kofia. Ile ya 294 ya Impreza WRX, mdogo wake, si yake. Modeli za hadi 2004 zina boliti 5x100 (boliti tano kwenye duara la milimita 100), kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3. Tafadhali, mafundi mnaotoboa diski upya "ili iingie", huko si kutengeneza gari, ni kutafuta maiti.

Nenda dukani na venia, kile kifaa cha kupimia unene. Pima ukuta wa ndani na wa nje sehemu nne kuzunguka. Feki nyingi zina ukuta mmoja mnene na mwingine mwembamba, kwa sababu kiini, ile sehemu ya kalibu inayoacha njia ya hewa, kilihama wakati chuma kinamiminwa. Hiyo ikichemka inajipinda kama sahani. Angalia pia ndani ya mapezi: mabonge ya chuma yaliyoziba njia ya hewa ni dalili ya kiwanda cha ovyo, hata boksi liwe na hologramu tatu.

Nije kwenye "diski imepinda, twende tukachonge". Mara nyingi haijapinda. Pedi imeacha tabaka lisilo sawa usoni, au habu (kitovu cha gurudumu inapofungwa diski) ina kutu na diski imekaa upande. Ukichonga unapunguza chuma, na kama joto lilishabadilisha chuma chenyewe na kuacha madoa magumu ya buluu, mtetemo utarudi tu. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka ung'ae. Diski iliyogoma itoe kwa boliti mbili za M8 kwenye matundu yake yenye nyuzi, siyo kwa nyundo. Ifunge, kaza nati kwa msalaba kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), weka geji ya mshale karibu na ukingo, zungusha. Ikicheza zaidi ya milimita 0.05, geuza diski tundu moja la boliti upime tena.

Na mafuta ya breki! Daraja la DOT 4 la kawaida linaruhusiwa kuchemka kwa nyuzi 230 likiwa jipya, lakini likishanyonya unyevu linashuka hadi 155. Mafuta yakichemka na pedali ikizama sakafuni, diski haina kosa.

Diski mpya na pedi mpya: shuka kutoka 100 hadi 20 mara nane hadi kumi kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu dakika kumi. Ukitoka sakiti, raundi ya mwisho usiguse sana breki, na usivute handibreki ukiegesha. Ufa ukifika ukingoni, au kucha ikinasa, diski hiyo ni chuma chakavu.

Wauzaji mliomo humu, jibuni kwa picha ya ubavu wa diski yenye venia juu yake. Picha za boksi tumezichoka.