Shingo inauma, mtaalamu ananishika mbavu: naombeni ushauri

FundiMoro: Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi cherehani, miaka 41. Miezi minne sasa shingo na bega la kulia vinaniuma, usiku silalii upande huo. Juzi nimekwenda kwa mtaalamu wa osteopathia, wale wanaotibu kwa mikono. Nikajua atanikanda shingo. Akanilaza chali, akapenyeza vidole chini ya mbavu, akasema vuta pumzi. Kisha: "Dada, unapumulia mabega." Jamani, pumzi na shingo wapi na wapi? Au napoteza hela?

MtuWaViungo: Pole sana dada. Nafanya fiziotherapia, na hapo hajakudanganya. Msuli mkuu wa kupumua ni kiwambo, kile kinachotenganisha kifua na tumbo. Kimejishikiza kwenye mbavu za chini na pingili za kiuno. Kisiposhuka vizuri, misuli ya pembeni mwa shingo, iliyoshikana na mbavu mbili za juu, ndiyo inayobeba kazi ya kuinua kifua. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Piga hesabu ya kutwa, shingo itaachaje kuchoka?

Ila kuna jambo usilipuuze. Neva (mshipa wa fahamu) ya kiwambo inatokea shingoni, na ini na nyongo viko chini tu ya kiwambo, kwa hiyo hitilafu ya ini au nyongo inaweza kusikika kama maumivu ya bega la kulia. Maumivu yakija baada ya kula mafuta, au ukipata homa, nenda hospitali kwanza. Kifua kikibana au pumzi zikikata ghafla, usisubiri hata saa moja.

Mghaibuni: Huku Uingereza wataalamu wa osteopathia wanasajiliwa kwa sheria ya 1993. Huko muulize kasomea wapi, na asikualishe shingo bila idhini yako.

FundiMoro: Asanteni mno. Leo nimejichunguza nikiwa kwenye mashine. Pini ziko midomoni, natia mkono wa gauni, na pumzi nimeizuia mpaka mshono unaisha! Miaka yote hiyo.

MtuWaViungo: Ndiyo hapo hapo. Pini zichomeke kwenye kimto. Kila ukikata uzi, tua mabega, weka kiganja tumboni, shusha pumzi taratibu mpaka iishe.

FundiMoro: Nitafanya. Kuhusu nyongo umenishtua, maana nikila chipsi huwa nasikia kujaa upande huo huo wa kulia. Kesho asubuhi sifungui ofisi, naenda kupima.