Vidoti vyeusi kwenye ulimi, usingizi sipati. Naombeni ushauri

Sina_Raha: Wakuu, kwema? Nina vidoti vyeusi kwenye ncha ya ulimi na pembeni. Haviumi, haviwashi, nikisukutua haviondoki. Usiku natoa ulimi mbele ya kioo na tochi ya simu, navihesabu. Leo 31. Hii si kansa kweli?

Mshenga: Pole. Shemeji yangu alipata doa jeusi mguuni, ukoo mzima tukalia. Kumbe kovu la pikipiki.

Kiroboto: Punguza umbea, ulimi utatakata wenyewe.

Jino_Bovu: Nafanya kazi kliniki ya meno. Vimeanza lini? Unatumia dawa yoyote?

Sina_Raha: Dawa situmii. Vipo muda tu.

Jino_Bovu: Muda tu ndiyo lini?

Sina_Raha: Tangu shule ya msingi. Na mama anavyo. Ila juzi mchumba kaniuliza kama nimelamba wino, nikaishiwa pozi. Nimeshapata mtu wa kuvichoma kwa leza Jumamosi, nimelipa nusu, kwa hiyo msinikatishe tamaa. Nasugua pia kwa mswaki na chumvi. Ulimi umevimba ila naona vinafifia.

Jino_Bovu: Acha kusugua! Angalia kwa karibu: kila kidoti ni kichwa cha kinundu kimoja, vile vyenye umbo la uyoga vinavyobeba ladha. Rangi ni melanini, ile ile inayoipa ngozi rangi, iko ndani ya kinundu, mswaki hauifikii. Kwa sisi weusi ni kawaida kabisa, havigeuki kansa, havihitaji tiba kwa sababu si ugonjwa. Leza inaweza kukuachia kidonda bure. Doa moja linalotanuka, kubadilika rangi au kutoa damu, hilo ndilo la kuwahi nalo hospitali. Au fizi zikianza kuwa nyeusi huku unakonda na kuchoka.

Mama_Ushauri: Anayecheka ulimi leo, kesho atacheka wazazi wako. Fikiria ndoa, siyo leza.

Shahidi: Wakuu, hii chai. Kwenye uzi wako wa mwezi wa tatu ulikuwa na mke na watoto wawili. Mchumba katokea wapi?

Sina_Raha: Ule niliandika kwa niaba ya kaka.

Kiroboto: Na kaka ana vidoti?

Sina_Raha: Ngoja nimpigie.

Sina_Raha: Katoa ulimi kwenye video. Nimefika 40 akakata simu. Alikuwa hajui kabisa.

Shahidi: Chai ya pili hiyo.

Jino_Bovu: Na Jumamosi?

Sina_Raha: Nimemwomba yule mtu anirudishie hela. Hajajibu.