Kumwambia msimamizi kuwa barafu haitoshi bila kumvunjia heshima

Mpimajoto_Igogo: Wakuu, habari za jioni. Gari la sangara limefika mapokezi ya kiwanda cha samaki, kipimajoto kinaonyesha nyuzi 7 ndani ya nyama, na msimamizi wa zamu ni mzee wa rika la baba. Ukisema "ongeza barafu" umemwamrisha. Ukizunguka sana, mzigo unashushwa hivyo hivyo. Maneno gani yanafaa?

Dada_wa_Nyakato: "Shikamoo mzee. Samaki wa gari hili wako nyuzi 7. Naomba tuongeze barafu kabla ya kushusha." Basi. Angalia kitenzi: "ongeza" ni amri, "uongeze" imepungua makali, "naomba uongeze" ni ombi, na "naomba tuongeze" inakuingiza na wewe kwenye kazi. "Tungeongeza" ni laini zaidi, ila anaweza kuisikia kama wazo la kesho. "Tafadhali" iwe ya nadra. Kwa mdomo huku kwetu mara nyingi husikika kama karipio, au tangazo la ukutani.

MzaniWaKirumba: Sawa dada, ila kosa kubwa liko kwingine: watu wanalainisha namba badala ya ombi. "Mzee, barafu ni kama imepungua kidogo, joto liko saba hivi." Akishasikia "kidogo" anarudi kwenye chai yake! Samaki mbichi anatakiwa kukaa karibu na 0, joto la barafu inayoyeyuka. Kwa hali ya hewa yetu hukadiriwa kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, kwa hiyo sema "samaki tani 2, barafu haifiki tani 1". Unyenyekevu wote uweke kwenye kitenzi.

Na kama kuna makuli wanasikiliza, shaka itupie mkono wako: "Huenda nimechoma kipimajoto vibaya, naomba tupime mwingine pamoja." Kipimajoto mpe yeye asome.

Mpimajoto_Igogo: Na kwenye ujumbe wa simu?

Dada_wa_Nyakato: Usitume "Shikamoo mzee" peke yake ukangoja marahaba. Salamu, namba ya gari, nyuzi, ombi, vyote ujumbe mmoja. Halafu "ungeniambia mapema" iache kabisa: ina -nge- ndiyo, lakini ni lawama tupu.

Fundi_Ubaridi: Hayo ni ya barafu. Amonia, ile gesi ya mitambo ya ubaridi, ikivuja ni "Tokeni!", glovu ikinaswa kwenye mkanda ni "Zima!" Shikamoo atapewa nje ya geti.