Imeli ya steshenari imejaa spamu, na kazi za wateja zinapotelea humo humo

MamaKopi, Mwanjelwa
Wakuu, habari za mchana. Nina kasteshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya: kopi, kuprinti, pasipoti saizi. Anwani ya imeli nimeipiga rangi ukutani, mtu aliye kwenye bajaji anaisoma. Ndiyo biashara yenyewe, mtu anatuma CV halafu anapitia karatasi zake. Sasa anwani hiyo imekuwa dampo. Kila asubuhi nakuta urithi wa marehemu nisiyemjua, dawa za kupunguza tumbo, ankara ya mzigo ambao sijaagiza. Jana: "Kisanduku chako kimejaa, bofya hapa ndani ya saa 24 la sivyo kitafungwa." Nusura nibofye, maana kweli kimejaa.

Kilichoniuma ni juzi. Kijana katoka Mbalizi na mvua, anataka barua ya maombi ya kazi, na mwisho wa kuipeleka ni siku hiyo hiyo. "Dada, nimetuma mara tatu." Mimi sioni kitu. Tukajibizana mbele ya wateja. Kumbe zote tatu zimelala kwenye spamu, katikati ya dawa za tumbo.

Msiniambie nisifungue imeli ya nisiyemjua. Nisiowajua ndio wanaonilisha. Natumia Gmail. Nifanyeje, na haya mambo yanaripotiwa wapi?

Viazi_Uyole
Bofya sehemu ya kujiondoa kwenye kila moja, kisha zitume 15040. Kwisha kazi.

Fundi_Iringa
Kamwene dada. Ndugu yangu hapo juu amechanganya. 15040 ni namba ya kuripoti meseji za simu za utapeli, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii". Na kujiondoa ni kwa duka au gazeti ulilojiandikisha mwenyewe. Tapeli ukimbofyia umemhakikishia kwamba anwani ina mtu.

Spamu usiifute tu. Ichague, bonyeza alama ya mshangao pale juu, ndivyo Gmail inavyojifunza. Ile ya kisanduku kujaa ni mtego wa neno la siri: fungua nukta tatu, uiripoti kama ulaghai. Mtu akishanaswa, abadili neno la siri mara moja na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani neno la siri peke yake lisitoshe kuingia. Hela ikiondoka, aende polisi achukue RB, ile namba ya taarifa yake, na imeli yenyewe asiifute, ndiyo ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Kuhusu wateja, ongeza ukutani: "Kwenye kichwa cha imeli andika PRINTI." Halafu kwenye Gmail tengeneza kichujio (filter) cha neno hilo, uweke tiki kwamba zisipelekwe spamu kamwe. Kiambatisho kitazame kwanza humo humo ndani ya Gmail kabla ya kukipakua. Ukiona faili la zipu lenye neno la siri, achana nayo, hakuna CV ya hivyo. Folda ya spamu ipitie kila jioni. Baada ya siku 30 vilivyomo vinafutika vyenyewe.

Viazi_Uyole
Mimi wiki iliyopita nimejiondoa kwenye kama kumi. Ndiyo maana zimeongezeka?

Fundi_Iringa
Pole mkuu.

MamaKopi, Mwanjelwa
Fundi, ubarikiwe. Rangi nimepaka jana, leo wateja wanne wamefuata. Ila mmoja kaandika PLINTI, ikaenda spamu. Sisi watu wa Tukuyu tunajijua. Nimeliongeza na hilo kwenye kichujio.