Space Mountain ya Florida, California au Paris?

Wakuu, naomba ushauri. Binti yangu wa miaka 12 anataka kupanda Space Mountain, ile treni ya kasi ya burudani (roller coaster) ya ndani ya jengo katika bustani za Disney, na zipo kadhaa duniani. Ya Florida (1975) mnakaa mmojammoja kwa mstari, gizani. California (1977) mnakaa wawiliwawili, muziki unapigwa humohumo kwenye behewa. Ya Paris (1995) ndiyo kiboko: unafyatuliwa kwenda juu, halafu unapinduliwa kichwa chini miguu juu. Shingo yangu hiyo, sijui!

Florida naivutia kamba, ingawa eneo ilipo, Tomorrowland (yaani "Nchi ya Kesho"), ningelifumua kidogo. Vigari vya petroli vinavyonguruma humo vina uhusiano gani na kesho?

Mliopanda angalau mbili, ipi inamfaa mtoto anayependa kasi lakini anaogopa giza?